Ombi la Kumi na Nne

Siku tuliyomzika Mwalimu wa Fizikia, wasifu wake niliusoma mimi. Ulikuwa ukurasa mmoja, nao ulikuwa na kila kitu ambacho wasifu huwa nacho: alikozaliwa, shule alizosoma, vituo alivyofanyia kazi, watoto, wajukuu, ugonjwa. Nilipomaliza na kuikunja karatasi, watu waliendelea kunitazama kana kwamba bado. Nje ya kanisa, jeneza halijapandishwa hata kwenye gari, walimu wenzangu na wanafunzi wa zamani walinifuata mmoja mmoja na swali lile lile. Madam, na roketi? Umeisahau roketi? Mmoja wao, ambaye sasa ni daktari wa mifugo, hakuficha hasira yake. Alisema nimemsoma mzee wa watu kama karani anayesoma jalada.

Sikuisahau. Hakuna wiki inayopita bila kuikumbuka, na siikumbuki kwa raha. Basi nitaieleza hapa, kwa nafasi, pasipo watu wanaonisubiri nimalize ili waende makaburini. Mambo ya ukoo na kuzaliwa nayaacha. Yamo kwenye ule ukurasa mmoja, anayeyataka akawaombe wanawe.

Tulifundisha pamoja miaka kumi na saba katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa Songea, yeye Fizikia, mimi Kiswahili. Meza zetu katika ofisi ya walimu ziligusana, kwa hiyo namjua mtu huyu kwa namna ambayo hata mkewe hakumjua: namjua akiwa kazini, amechoka, na hana wa kumdanganya. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo mabegani, na alivaa koti la kaki mwaka mzima. Mwezi wa Juni sote tulimwelewa, kwa kuwa baridi ya kwetu wakati huo haina utani. Ila alilivaa hata Oktoba, jua likiwaka mpaka bati zinalia, na sababu yake ilikuwa mifuko. Koti lile lilikuwa na mifuko sita na kila mfuko ulikuwa na kazi. Humo mlikuwa na mirija ya juisi, spoku za baiskeli, vifuniko vya chupa, vipande vya tyubu, uzi wa kushonea viatu. Siku moja alikuwa akitafuta kalamu nyekundu akatoa kizibo cha sinki la jikoni kwake. Alikitazama, akakirudisha mfukoni, akaendelea kutafuta kalamu. Nilimfikiria mkewe nyumbani, na maji yanayompotea.

Wenye maduka wa mtaa wa Majengo walimjua vizuri. Walimwekea chupa tupu za soda, zile kubwa za plastiki, naye alipita Jumamosi kuzichagua. Aliinua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaibonyeza kitako kwa kidole gumba, akaikataa. Akachukua nyingine. Mtu mwenye shahada alichagua chupa zilizotupwa kwa umakini wa mama anayechagua nyanya. Watoto wa mtaa ndio walioanza kumwita Mzee wa Chupa, na kabla ya muhula kwisha jina lilikuwa limevuka uzio wa shule.

Alilichukia jina hilo. Wenye maduka walipomwita hivyo aliitika na kucheka nao, ndiyo maana watu walidhani analipenda. Lakini siku mwanafunzi mmoja lilipomponyoka darasani, Mwalimu alifuta ubao wote, polepole, kutoka kona hadi kona, akakusanya vitu vyake akatoka. Kipindi kilikuwa bado na dakika thelathini. Alikuja kukaa mezani pake, akachukua gazeti la wiki iliyopita na kulisoma lote.

Kwa vitu alikuwa na subira ya ajabu, kwa watu hakuwa nayo hata chembe. Angeweza kukaa saa nzima akisugua kizibo kwa msasa hadi kiingie kwenye mdomo wa chupa bila kuvuja, ila ukimweleza jambo kwa sentensi tatu, ya pili tu alikuwa ameshaanza kutingisha mguu. Katika kusahihisha ndipo alipokuwa mkatili zaidi. Mwanafunzi akikosa, alipiga mkasi wa kosa, basi. Mwanafunzi akipata, alimpa alama zake na pembeni akaandika neno moja kwa wino mwekundu: Umejuaje? Wanafunzi walidhani anawatuhumu kuibia. Nami nilidhani hivyo miaka miwili mizima, hadi nilipomuuliza.

Akaniambia, “Huyu ameandika rangi za mwanga ukipita kwenye kioo cha pembe tatu. Jibu ni sahihi. Lakini hajawahi kuuona ukipita, na mimi sijawahi kumwonyesha. Sasa amejuaje? Amekariri. Namuuliza ili akumbuke kwamba hajui.”

Nilimwambia hiyo ni kumwonea mtoto. Akakubali kwamba ni kumwonea, akaendelea kuandika.

Hapo ndipo penye shina la mtu huyu, na ndipo wengi walipomkosea. Shule yetu haikuwa na maabara. Lilikuwepo jengo. Wazazi walichoma tofali wenyewe, kuta zikapanda hadi kwenye lenta, kisha kila kitu kikasimama. Ndani yake ukaota mpapai, nao ukazaa, na wapishi wa shule wakawa wanachuma. Mwalimu alipita pale kila asubuhi akielekea darasani, na sikumwona hata siku moja akila papai la mti ule.

Kila muhula aliandika barua ya kuomba paa na vifaa. Aliiandika vizuri, kwa mwandiko wa kulala, akinipa mimi niangalie lugha, kisha akaipitisha kwa mkuu wa shule iende inakokwenda. Majibu hayakuja. Barua ya tatu ilipomezwa kama mbili za kwanza, ndipo akaunda roketi. Alichukua nakala ya barua ile, akaikunja kama sigara, akaitia ndani ya kichwa cha roketi. Ubavuni akaandika kwa rangi ya kucha ya mkewe: OMBI LA TATU. Akairusha kutoka uwanja wa mpira, wanafunzi wote wakitazama. Akaniambia wa chini wameshindwa kuisoma, labda huko juu kuna mwenye miwani.

Alisema hivyo uso ukiwa mkavu. Mimi nilicheka peke yangu.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila barua ilikuwa na roketi yake. Namna alivyoiunda naijua, maana niliiona ikizaliwa mezani kwangu mara nyingi, na nusu ya takataka zake ziliangukia kwenye madaftari yangu ya insha. Chupa moja nzima ndiyo ilikuwa mwili. Chupa nyingine aliikata shingo akaipachika kichwani, na chini yake akakunja kitambaa cha mwamvuli mbovu kilichofungwa nyuzi, ili roketi ikichoka irudi chini taratibu. Mapezi matatu yalikuwa ya boksi gumu. Kizibo alikitengeneza kwa soli ya kandambili, akaitoboa katikati na kupitisha kile kimdomo cha tyubu ya baiskeli kinachoingiza upepo. Kandambili zilikuwa za nyumbani, na mkewe alinilalamikia kwamba kila akiamka anakuta mguu mmoja. Hatukujua kwa nini hakuwahi kuchukua jozi nzima. Nafikiri aliona mguu mmoja ni kuazima na miwili ni kuiba.

Maji aliyatia theluthi ya chupa, hayazidi, hayapungui. Akaisimamisha kwenye kigoda kilichotolewa kikalio, akaunganisha pampu ya baiskeli, akapampu. Upepo ulijaa juu ya maji hadi kizibo kikashindwa, maji yakafyatuka chini na chupa ikafyatuka juu. Ilipita migrevilea, ikapita nguzo za umeme, ikawa kidoa, halafu ule mwamvuli ukafunguka na kidoa kikaanza kushuka kikiyumbayumba kuelekea shamba la mahindi la shule. Ninasema kweli, kilikuwa kitu kizuri. Walimu wazima tulitoka ofisini na vikombe vyetu vya chai. Wapishi waliacha maharage yaungue.

Yeye pekee ndiye aliyesimama kama aliyekuja msibani. Nilimuuliza mara moja mbona hafurahi. Akasema, “Ningefurahi kama ungekuwa mchezo. Hili ndilo somo lote, Madam. Wakitoka hapa, sina kitu kingine cha kuwaonyesha.”

Neno alilolichukia kuliko Mzee wa Chupa lilikuwa ubunifu. Lilimfuata kila mahali. Wakaguzi walikuja, wakaona chupa, wakaandika kwamba mwalimu ana ubunifu. Wakuu wa shule watatu, mmoja baada ya mwingine, walimtaja kwenye vikao vya wazazi kama mfano wa ubunifu. Kulifanyika semina ya walimu pale mjini, akapewa cheti cha ubunifu kilichopigwa laminesheni. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapiga picha na waliompa. Wiki iliyofuata nilikiona mezani pake kimekatwa mapezi matatu. Laminesheni, alinieleza, hailowi kama boksi. Pezi moja lilibaki na nusu ya mhuri.

“Ubunifu,” aliniambia huku akilisugua pezi lile ukingoni, “ni jina wanaloipa shida yako ili usidai tena.”

Mapezi yale ya cheti yalifungwa kwenye Ombi la Kumi na Nne. Sasa nafika kwenye mahafali, na napenda nipite haraka, lakini sina ruhusa ya kupita haraka.

Mahafali ya kidato cha nne mwaka ule yalikuwa na mgeni rasmi wa maana. Alikuwa amesoma shule yetu zamani, akaenda Tunduru kwenye mawe ya vito, akatajirika. Mkuu wa shule alikuwa amenong'onezwa na watu wake kwamba mgeni anakuja na ahadi: vifaa vya maabara, kamili, na paa la kuvifunika. Ilibaki kumwomba tu. Kwetu mgeni rasmi haombwi kwa mdomo, anaombwa kwa risala. Mwanafunzi anasimama mbele yake, anasoma mafanikio, anasoma changamoto, mgeni anasikiliza changamoto na kujibu katika hotuba yake. Kila shule hufanya hivyo na kila mgeni anajua. Na risala ya shule yetu niliiandika mimi.

Niliiandika vizuri, bora niseme hivyo kuliko kujifanya mnyenyekevu. Niliandika jinsi watoto wetu wanavyosoma sayansi kwa masikio. Niliandika kuhusu mpapai. Mwalimu aliisoma, akasema hii sasa ni barua. Hakuwahi kuisifu kazi yangu kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Ratiba ya sherehe pia ilikuwa mkononi mwangu. Mwalimu aliniomba jambo moja tu. Roketi, alisema, ni ya vijana wanaoondoka, wameiomba, na atawarushia. Lakini iwe mwisho kabisa, mgeni akishaondoka, maturubai yakikunjwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kila kitu kina wakati wake wa kuonekana. Aliposema hivyo mguu wake ulikuwa ukitingishika, nami nikakubali.

Kisha nikafikiri. Niliwajua wageni rasmi. Nimewaona wakisinzia kuanzia kwaya ya kwanza. Risala yangu ilikuwa imewekwa baada ya kwaya mbili, ngoma, na igizo la dakika arobaini kuhusu utoro. Nikamwona mgeni wangu amelala, na mpapai wangu unasomewa watu waliolala. Nikaona kinachotakiwa ni kitu cha kumwamsha. Asubuhi ya sherehe nilifuta namba sita, nikaandika: Maonyesho ya Sayansi, Roketi. Namba saba: Risala. Sikumuuliza Mwalimu. Nilimkabidhi nakala yake pale getini, watu wakiwa wengi, nikakimbilia kupanga maua ya meza kuu.

Nilimwona akiisoma. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia kwenye mmoja wa ile mifuko sita. Angeweza kunifuata. Hakunifuata.

Mshereheshaji alipoita namba sita, Mwalimu aliingia uwanjani na kigoda chake, pampu yake, na Ombi la Kumi na Nne. Mgeni hakuamka tu, alisimama. Alivua koti la suti, akashuka jukwaani, akaomba apampu mwenyewe. Maji yakamrukia viatu na akacheka kama mtoto. Roketi ilipaa kuliko zote nilizowahi kuona, ikasimama juu pale milima ya Matogoro inapoonekana kwa nyuma, ikafungua mwamvuli wake, na upepo ukairudisha hadi hatua kumi kutoka meza kuu. Watu walishangilia mpaka spika zikakoroma. Mgeni aliiokota kwa mkono wake mwenyewe akarudi nayo kitini.

Kisha risala ikasomwa. Binti aliyeisoma hakukosea hata neno. Alisoma kwamba hatuna kifaa hata kimoja, kwamba tunasoma sayansi kwa masikio, na mgeni alimsikiliza huku amepakata roketi mapajani, akiigeuzageuza, akilipapasa pezi lenye nusu ya mhuri. Nilikuwa nimesimama nyuma ya turubai. Binti alipofika kwenye mpapai nilijua kuna kitu kimeharibika, ila sikujua ni nini.

Mgeni alikuja kutujulisha mwenyewe. “Sitawaficha, nilikuja na ahadi ya vifaa vya maabara yenu,” alisema. “Lakini kwa niliyoyaona leo, ninyi maabara mnayo, tena inatembea na imevaa koti la kaki. Kuna shule hazikujaliwa mwalimu wa namna hii. Vile vifaa nitawapelekea wao. Ninyi nawapa jezi na mipira.”

Tulipiga makofi. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba mikono yangu ilianza kupiga makofi kabla akili haijafika. Mkuu wa shule makofi yalimkatikia hewani, viganja vikabaki vimetazamana. Mwalimu wa Fizikia alikuwa ameshika pampu. Alipongezwa na kila mtu aliyekuwa karibu.

Wakati wa kuondoka, mgeni aliomba apewe roketi iwe ukumbusho. Nani angemnyima? Mwalimu alinyoosha mkono kuelekea kile kichwa cha roketi, kama mtu anayetaka kutoa kitu ndani, kisha akaurudisha mkono mfukoni. Barua ilikuwa humo. Ombi la kumi na nne, paa na vifaa, kwa mwandiko wa kulala, lilipandishwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la mtu ambaye angeweza kulijibu siku hiyo hiyo, likaenda Tunduru. Kama hakuitupa ile chupa, limo mpaka leo.

Jumatatu kulikuwa na kikao. Mkuu wa shule hakupaza sauti, na ni heri angepaza. Aliuliza nani aliyepeleka chupa mbele ya mgeni kabla ya risala. Mwalimu alijibu neno moja, kwamba ni ratiba. Mkuu akasema ratiba haijiandiki. Mbele yangu palikuwa na daftari la mwanafunzi lililofunguliwa, nami nikasahihisha aya nzima, herufi kubwa, mkato, nukta. Mwalimu hakunitazama. Mkuu alisubiri, akachoka kusubiri, akaamua mwenyewe kwamba mzee alitaka sifa. Alivuliwa ukuu wa idara, na barua ya onyo ikaingia kwenye jalada lake, jalada lililokuwa limejaa barua alizotoa yeye na halikuwa limewahi kupokea hata moja.

Hakuunda roketi nyingine. Wanafunzi waliokuja baadaye walisikia habari za Mzee wa Chupa kama hadithi, na waliyemkuta ni mtu anayefundisha kwa chaki, ukurasa kwa ukurasa, akitazama dirishani. Aliacha hata kuandika Umejuaje. Kwangu hakubadilika, na hiyo ilikuwa adhabu tosha. Alinipa barua zake niangalie lugha kama zamani. Aliniuliza habari za nyumbani. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamwambia, na kila jioni nilifunga droo yangu nikaenda zangu.

Siku ya kumuaga, alipostaafu, walinipa nafasi ya kusema kwa niaba ya walimu. Nikasimama na karatasi. Nikasema kuhusu roketi. Nilieleza kandambili, koti, mwamvuli, watu wakacheka hadi wakafuta machozi, na katikati ya kicheko Mwalimu akainuka, akatoka nje, hakurudi hadi nilipokaa. Alipewa beseni, chupa ya chai na kitenge cha mama. Mwaka uliofuata maabara ikakamilishwa na mpapai ukakatwa. Alikwenda mara moja kuiona. Mlinzi alikuwa mgeni, hakumjua, akamtaka aandike kwenye daftari la wageni. Nilikuja kuliona daftari lile. Kwenye safu ya sababu ya kuja alikuwa ameandika: kutazama. Mwenye ufunguo hakuwepo siku hiyo. Alitazama kupitia vioo akarudi kwake.

Mara ya mwisho nilimwona nyumbani kwake Mjimwema, wiki chache kabla hajafa. Mkewe alinipokea, akaninong'oneza kwamba leo ameamka vizuri, akatuacha. Alikuwa amekaa barazani kwenye jua la saa nne, blanketi magotini, koti la kaki mabegani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za shule, nikampa. Nilikuwa nimemletea sukari na chupa kubwa ya juisi. Aliipokea chupa, na kabla hajasema asante akaigeuza na kuibonyeza kitako.

“Siku hizi wanazifanya laini,” alisema. “Hii isingebeba presha.”

Kisha akasema anajua akifa mimi ndiye nitakayepewa wasifu, kwa kuwa kila mwalimu akifa hapa mjini anayepewa ni mimi. Nikaanza yale maneno ya kusema bado, Mwalimu, utapona. Mguu wake ukatingishika chini ya blanketi. Nikaacha.

“Asubuhi ile nilifikiria kuijaza maji mpaka shingoni,” alisema. “Isingepanda hata kimo cha mtu. Watu wangecheka, mgeni angetuonea huruma, tungepata maabara. Nilikuwa na ndoo mkononi. Mkono ukakataa. Kwa hiyo na mimi nimo, Madam, usidhani najitoa.”

Nilimuuliza asubuhi ipi, ingawa nilijua.

“Namba sita ilikuwa imefutwa, ikaandikwa upya kwa mwandiko wako. Nimesahihisha maandishi miaka yote, siwezi kuujua mwandiko wa mtu tunayegusana meza?”

Sikumbuki kama nililia wakati huo au baadaye njiani. Nakumbuka nilimuuliza kwa nini hakusema kikaoni.

“Nilikuwa nakusubiri useme wewe,” alijibu. “Kikaoni nilikusubiri. Nikakusubiri na baada ya hapo, kila asubuhi, ukifungua droo. Siku ya kuniaga ulipoinuka na karatasi nikamwambia mama, leo anasema. Ukasema kandambili.”

Alikuwa ameipakata ile chupa ya juisi mapajani, anaisugua karatasi yake ya nembo kwa kidole gumba, kona ikaanza kubanduka. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa na hasira.

“Sasa sikiliza,” alisema. “Kwenye wasifu wangu, ukitaja roketi, utaje na ratiba. Yote mawili, mbele ya watu. Kama la pili litakushinda, na la kwanza liache.”

Nikamwahidi. Nilikuwa namaanisha, na njia nzima kurudi Majengo nilikuwa napanga sentensi. Usiku wa kuamkia mazishi niliziandika zote, kurasa tatu, namba sita ikiwemo. Kisha nikasimama pale mbele, nikaliona jeneza, nikamwona mkuu wa shule wa zamani kwenye benchi la pili, nikawaona wanafunzi wangu na watoto wao, na daktari wa mifugo. Nikasoma ukurasa wa kwanza, ule wa ukoo na kuzaliwa. Kurasa mbili nikaziacha zimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo.